Ufunguo wa Distro Uko kwa Nani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kuhamia Windows 11 si jambo la kubonyeza kitufe tu. Mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha kuanzia takriban mwaka 2018, na maabara za vyuo vyetu zimejaa mashine zilizotoka kiwandani kabla ya hapo. Zinawaka, zinaandika, zinachapa, hazina kasoro. Basi swali ambalo zamani lilikuwa la wapenzi wa kompyuta peke yao, yaani Linux au la, sasa limeangukia mezani kwa wahasibu.

Gisenyi swali hilo lina ugumu wake. Mji umepakana na Goma ukuta kwa ukuta, na mpaka ukiwa wazi wapo wanaovuka kizuizi cha mpaka cha Petite Barrière kwenda kusoma na kurudi jioni. Darasa moja lina waliosoma kwa Kifaransa na waliosoma kwa Kiingereza, lugha ambayo Rwanda iliamua mwaka 2008 kuifanya ya kufundishia, na wote hao wakibishana hubishana kwa Kiswahili. Mjadala unaofuata nimeutunga. Chuo chenyewe hakina jina, kina kompyuta 40 za maabara, na wanne wanaozungumza nimewaita kwa kazi zao. Wamekaa karibu na Ziwa Kivu, sahani ya samaki wadogo wa sambaza iko katikati. Kila mmoja nimempa hoja yake nzito kadiri nilivyoweza, ila sitajifanya sina upande.

FUNDI: Mimi nasema tutengeneze distro yetu, yaani toleo letu wenyewe la Linux. Tunachukua Ubuntu, tunatoa tusivyovihitaji, tunaweka vya kwetu: printa za chuo, akaunti za wanafunzi, LibreOffice, R ya takwimu, PSPP badala ya SPSS, maktaba yetu ya ndani. Tunaijaza kwenye flashi. Unachomeka kwenye mashine yoyote, unakunywa chai, ukirudi iko tayari. Jina nimeshalipata.

MAMA MHASIBU: Jina limetangulia bajeti?

FUNDI: Bajeti ni sifuri, Mama. Ndiyo raha yake.

MAMA MHASIBU: Kijana wangu, ofisini kwangu vitu vya sifuri ndivyo vinavyonisumbua, kwa sababu havina risiti. Wewe unalipwa. Miezi utakayokaa unatengeneza huo mfumo imo kwenye mshahara wako. Na siku ukiitwa Kigali kwa mshahara mara mbili, hiyo sifuri ataibeba nani?

FUNDI: Tuseme ukweli tukiwa wenyewe. Hizi Windows zilizomo maabara, zote tunajua zilikotoka? Mwanafunzi anatoka kuchapisha mtaani, anachomeka flashi, folda zake zote zinageuka njia za mkato, na kesho yake ugonjwa uko kwenye mashine 15. Nashinda nazisafisha. Huo nao ni mshahara.

MWANAFUNZI: Kaka, mimi sina ugomvi na Linux. Ugomvi wangu ni ukurasa wa jalada.

FUNDI: Jalada gani tena?

MWANAFUNZI: La mémoire, ile tasnifu yangu. Naiandika kwenye LibreOffice ya mashine yako ile ya majaribio, inapendeza. Naipeleka kwa yule wa kuchapisha karibu na stendi, yeye ana Word. Akiifungua, jina la msimamizi limeshuka ukurasa wa pili, majedwali yamekatika, yaliyomo yamekuwa na namba za kurasa ambazo hazipo. Narekebisha pale pale huku watu wako nyuma yangu wananung'unika, na yeye anahesabu dakika zake. Sasa niambie distro yenye jina zuri itanisaidia nini.

Hapa nasimamisha mazungumzo kidogo, maana malalamiko ya binti huyu yana mzizi wa kifundi unaotibika, na mafundi wengi huwa wanampita mgonjwa wa namna hii wakikimbilia mambo makubwa. Sehemu kubwa ya fujo ile hutokana na fonti. Word kwa miaka mingi ilipenda Calibri na Cambria, ambazo ni mali ya Microsoft na haziji na Linux. LibreOffice isipozikuta huweka nyingine, herufi zikawa pana au nyembamba kuliko zilivyopangwa, mstari ukavunjika mapema, na ukishavunjika mmoja kila kilicho chini yake kinahama. Dawa ipo na ni ya bure. Fonti ya Carlito ilichorwa ili kila herufi yake iwe na upana ule ule wa Calibri; Caladea ni hivyo hivyo kwa Cambria; na familia ya Liberation inashika nafasi ya Times New Roman na Arial. Ukiweka hizo kwenye kila mashine, na ukamfundisha mwanafunzi kupeleka PDF kwa mchapishaji, umemwondolea sehemu kubwa ya machozi. Haihitaji distro. Inahitaji pakiti tatu na mtu anayesikiliza.

MWALIMU: Ongeza kibodi.

FUNDI: Kibodi zina nini, Mwalimu?

MWALIMU: Hujawahi kusimama mlangoni mwa maabara Jumatatu asubuhi? Nusu ya mashine zile tulipewa msaada kutoka Ulaya, zina AZERTY. Nyingine tulinunua, QWERTY. Anayetoka Goma vidole vyake vimezoea ya kwanza, aliyesoma hapa amezoea ya pili. Mfumo umepangwa kwa moja tu. Mtu anaandika nenosiri lake lenye herufi a, kompyuta inasoma q. Namba za juu kwenye AZERTY zinataka ubonyeze Shift. Herufi zenyewe kwenye skrini ni vidoti. Anajaribu mara tatu, akaunti inajifunga, anakuja kwangu kusema mtandao umekufa.

FUNDI: Haya, na ndiyo maana nasema tuwe na mfumo wetu! Kitufe cha kuchagua kibodi kikae kwenye ukurasa wa kuingilia, kikubwa, pembeni ya jina. Nani wa Microsoft kule Redmond atatufanyia hivyo?

Amepiga penyewe. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua na wa hapa hawezi kulisahau. Lakini tazama ukubwa wake: ni mistari michache kwenye faili la mipangilio.

MWALIMU: Ngojeni niwakumbushe kitu. Linux si mgeni nchini humu. Kuanzia mwaka 2008 zile laptop ndogo za kijani na nyeupe za mradi wa OLPC ziliingia shule za msingi, na hatimaye zikapita 200,000. Ndani yake kulikuwa na Fedora iliyokatwakatwa, na juu yake sura ya Sugar, ambayo haikufanana na kompyuta nyingine yoyote duniani. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto. Ilifikiriwa kwa makini mno. Kisha serikali ikageukia mashine za Positivo zilizounganishwa Kigali, nazo zilikuja na Windows. Yule mtoto aliyejifunza Sugar, ujuzi wake alikwenda kuutumia wapi?

FUNDI: Alijifunza kufikiri.

MWALIMU: Sikatai. Ila mwalimu wake alipokwama hakuwa na wa kumuuliza, kwa sababu mfumo ule ulikuwa wa peke yake. Ukiwa na shida na Ubuntu ya kawaida, kuna maelfu ya watu waliokwishapata shida hiyo hiyo na kuijibu. Ukiwa na shida na distro ya chuo chetu, wa kuuliza ni wewe.

MWANAFUNZI: Na yeye simu yake huwa imezimwa.

FUNDI: Chaji, dada. Chaji.

MWALIMU: Kuna wenzetu waliofanya vizuri. Uganda Martyrs University pale Nkozi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliamua kama chuo kizima kuingia kwenye programu huria. Hawakutengeneza distro. Walihama kwa awamu, na sehemu ngumu haikuwa mashine, ilikuwa watu wa ofisini waliozoea vitufe vyao. Dar es Salaam nao, chuo kikuu pale kilikuwa na mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi nzuri sana. Lakini programu mama iliendelea kutoa matoleo mapya mwaka hadi mwaka, na kila toleo lina maneno mapya ya kutafsiri. Ukiishiwa wafadhili na wanafunzi wa kujitolea, tafsiri inabaki kwenye toleo la zamani wakati dunia imeshasogea.

FUNDI: Mwalimu unachagua mifano ya kuvunja moyo. Kuba je? Chuo chao cha sayansi ya kompyuta Havana, UCI, kimetengeneza distro ya Nova. Chuo! Na Marekani imewawekea vikwazo juu.

MWALIMU: Nova naijua. Ilianza juu ya Gentoo, ambayo kila kitu unakipika mwenyewe kutoka kwenye msimbo. Baadaye wakahamia msingi wa Ubuntu. Wana maelfu ya wanafunzi wa kompyuta na serikali nyuma yao, na bado waliona kupika kila kitu ni kujitesa. Na ukitaka mfano mkubwa zaidi, Scientific Linux. Fermilab na CERN, watu wanaogonganisha chembe za atomu, walitengeneza distro yao mwaka 2004. Mwaka 2019 Fermilab ikatangaza kwamba hakutakuwa na toleo la 8, watumie distro nyingine, CentOS. Mwaka uliofuata kampuni ya Red Hat ikatangaza kwamba CentOS 8 nayo inaishia Desemba 2021. Kama maabara ya fizikia ya Marekani imechoka kutunza distro, sisi na kompyuta 40 tunajitafutia nini?

FUNDI: Hawa sambaza mnaowala hawakuzaliwa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo nani anawaita wageni? Kivu imewafanya wake. Mimi ndicho ninachotaka: tuchukue cha watu, tukifanye chetu.

MAMA MHASIBU: Waliletwa wakaachwa waogelee, hakuna aliyewabadilisha mapezi. Endelea kula.

Katika mabishano yote ya namna hii, pande mbili hushindana juu ya mambo yanayoonekana: bei, sura, uzalendo, nani alishindwa wapi. Mimi nadhani kiini kiko mahali ambapo mtumiaji hapaoni kabisa, nacho ni ufunguo wa kusaini.

Kompyuta yenye Linux ya Debian au Ubuntu haipokei programu kutoka kwa yeyote tu. Hazina ya programu huwa na faili linaloitwa Release, lenye orodha ya alama za utambulisho za kila kilichomo, na faili hilo hutiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri. Mashine ya maabara inapoomba masasisho, hupakua orodha hiyo kwanza, ikaikagua kwa ufunguo wa wazi iliokuwa nao tangu mwanzo. Sahihi isipolingana, inakataa. Ufunguo ukipitwa na tarehe yake ya mwisho, inakataa vilevile, na kuandika mistari miwili ya onyo ambayo mwanafunzi anaifunga bila kuisoma. Ni ulinzi wa maana sana: bila huo, yeyote anayekaa katikati ya mtandao angeweza kukuuzia mdudu kwa jina la kivinjari.

Sasa fikiria Fundi amefanikiwa. Ametengeneza hazina ya chuo, amenakili humo pakiti zote, amezisaini kwa ufunguo wake, amezima hazina za Ubuntu ili kila mashine isikilize seva moja tu ya chumba cha chini. Ufunguo wa siri uko kwenye laptop yake. Ameuwekea muda wa miaka miwili, kama vitabu vinavyoshauri. Anapata kazi Kigali. Siku ufunguo unapoisha, mashine zote 40 zinaacha kupokea masasisho kwa wakati mmoja, kimya kimya, na zinaendelea kufanya kazi kama kawaida. Hakuna anayegundua. Mwaka unapita, mashine zinaoza kwa ndani. Atakayekuja baadaye atalazimika kutengeneza ufunguo mpya na kuuingiza kwenye kila mashine, nyingine zikiwa zimehamishiwa ofisi za watu.

FUNDI: Naweza kuuacha ufunguo kwa mtu.

MAMA MHASIBU: Kwa nani? Taja.

FUNDI: ...

MAMA MHASIBU: Hundi ya chuo inatiwa sahihi na watu wawili. Hata mimi peke yangu siwezi kutoa faranga. Halafu mashine zote za chuo zitii sahihi ya mtu mmoja, ambaye simu yake haina chaji?

MWALIMU: Ndiyo njia ya katikati ninayoipendekeza. Tuiache Ubuntu au Debian ilivyo, hazina zake na funguo zake mwenyewe, tusiziguse. Juu yake tuweke safu nyembamba: pakiti moja ya chuo ambayo haina programu yoyote ndani, ina orodha tu ya vinavyotakiwa viwepo, zile fonti, R, printa, kitufe cha kibodi. Ukiisakinisha, inavuta vingine vyote kutoka hazina rasmi. MIT walifanya karibu hivyo na Debathena, mkusanyiko wa pakiti za kuongezwa juu ya Debian na Ubuntu. Hawakuanzisha ufalme.

FUNDI: Tofauti yake na yangu ni nini basi, kama matokeo ni yale yale?

MWALIMU: Tofauti inaonekana siku umeondoka. Distro yako ikikosa mwenyewe, masasisho ya usalama yanakufa nayo. Safu yangu ikikosa mwenyewe, kinachokufa ni kitufe cha kibodi; masasisho yanaendelea kuja kutoka kwa watu wa Ubuntu au Debian ambao hata hawajui kama tupo. Toleo la Ubuntu la muda mrefu linatunzwa miaka 5. Hiyo 24.04 inafika 2029 bila wewe kugusa kitu.

Hapo ndipo nilipo. Chuo kidogo kinapopima mpango wowote wa kompyuta, nashauri kipime kwa hali yake ya kuharibika kabla ya kuutazama uzuri wake, kwa sababu mafundi wazuri katika miji ya mpakani huondoka, na hawana kosa kuondoka.

FUNDI: Na intaneti? Mimi hazina ya ndani nilitaka kwa sababu hiyo. Mashine 40, kila moja ikivuta megabaiti 300 za masasisho, ni gigabaiti 12 kwa kitu kile kile. Mchana mzima Mama hawezi kufungua barua pepe.

MWALIMU: Weka apt-cacher-ng kwenye seva. Mashine ya kwanza inavuta kutoka nje, seva inabaki na nakala, 39 zinachukua ndani. Zile 12 zinarudi kuwa 300 na kidogo. Sahihi zinabaki za Ubuntu, wewe huna ufunguo wa kulinda. Na iwekwe ili seva ikizima, mashine zitoke nje zenyewe.

FUNDI: Hilo nalikubali. (Analikubali haraka mno, nadhani alishalifikiria akaliacha kwa sababu halina jina.)

MWALIMU: Mipangilio yote iandikwe kwenye faili za Ansible, programu ya kupanga mashine nyingi kwa pamoja, ikae mahali pawili, pamojawapo pawe nje ya mji. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, matetemeko yalipasua nyumba hapa wilayani Rubavu. Seva ya chumba cha chini peke yake si nakala. Na kwa nini tubaki peke yetu? Mwaka 2005 mitandao ya vyuo ya nchi 5 iliunda UbuntuNet Alliance, Rwanda ikiwemo kupitia RwEdNet. Jina halihusiani na distro, ila wazo ndilo: vyuo vitatu vikitunza safu moja, akiondoka fundi wa chuo kimoja wanabaki wawili.

MWANAFUNZI: Jamani, bado. Mimi nasoma uhasibu. Nikienda kufanya mafunzo kwa vitendo Goma wananiuliza Sage, programu ya uhasibu. Rafiki yangu anayesomea mambo ya hoteli wanamuuliza Opera, programu ya kuendeshea hoteli iliyomo kwenye mahoteli ya ufukweni hapa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua Linux.

FUNDI: Opera siku hizi inafunguka kwenye kivinjari. Vyote vinaelekea huko.

MWANAFUNZI: Vinaelekea. Mimi namaliza mwaka huu.

Hakuna aliyemjibu vizuri, na mimi sitamjibu kwa niaba yao. PSPP inafanana na SPSS vya kutosha kwa takwimu za mémoire. Sage haina pacha ambaye mwajiri wa Goma atamtambua. Wanaosema programu huria ina mbadala wa kila kitu hawajawahi kuomba kazi ya uhasibu upande wa pili wa barrière.

MAMA MHASIBU: Basi nisikilizeni, maana saa inakwenda na mimi ninakwenda mtaa wa Mbugangari. Mashine 8 zinabaki Windows, mpya, zenye leseni ninayoiona kwa macho, kwa ajili ya Sage na mengine ya namna hiyo. Zinunuliwe taratibu. 32 ziende Linux, hiyo ya Mwalimu ya safu nyembamba. Tunaanza na 10 baada ya mitihani, si kabla. Nitatia sahihi kwa fundi wa pili, hata wa nusu siku, na kwa diski mbili za nakala. Wote wawili wawe wanaweza kufanya kila kitu, nitawajaribu kwa kumpa mmoja likizo.

FUNDI: Na jina?

MAMA MHASIBU: Jina siweki sahihi.

FUNDI: Picha ya skrini tu, Mama. Nimeichora mwenyewe, ziwa na mlima.

MWALIMU: Picha ni megabaiti mbili. Itie kwenye pakiti.

FUNDI: Ile flashi yangu nitaendelea nayo nyumbani lakini.

MAMA MHASIBU: Nyumbani kwako saini mwenyewe.